Pikipiki Haina Saisi

Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, chini ya mwembe ulioko kando ya njia katika komini ya Mangobo hapa Kisangani, fundi wa pikipiki alilala ubavu juu ya kipande cha boksi, akaupeleka mkono wake chini ya injini ya pikipiki yangu, akalegeza nati ya kumwagia oili, kisha sote watatu, yeye, mimi na kijana aliyekuwa akiiendesha, tukangoja. Kilichotoka hakikujaza hata nusu ya chupa ya soda, ilhali injini ile hutiwa kiasi cha lita moja. Nacho kilikuwa cheusi, kizito, chenye kunuka moshi, na fundi alipokisugua baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, akakiinua kwenye jua, tukaona chembechembe zikimeta ndani yake mithili ya mchanga wa mtoni. "Mzee," akaniambia, "hii si oili tena, hiki ni chuma cha injini yako kimesagika." Pikipiki ile ilikuwa na miezi 14 tangu itoke dukani.

Nilimgeukia yule kijana, wala si kwa hasira, maana alikuwa mtu mwaminifu ambaye katika muda wote huo hakukosa hata jioni moja kuniletea ile ijara ya siku ambayo hapa mjini tunaiita versema, nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alipobadilisha oili. Akainamisha kichwa, akasema: "Papa, mimi nilijua ni kazi yako." Nami, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimejua ni kazi yake. Miezi 14 tuliishi katika dhana hizo mbili, kila mmoja wetu na amani ya moyo wake, na kati ya amani hizo mbili pistoni ikaliwa, silinda ikachubuka, na gharama ya kuifufua injini ikapita nusu ya bei niliyoinunulia pikipiki yenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri neno moja la kale ambalo vijana wetu wengi hawalijui, nalo ni saisi. Saisi, katika Kiswahili cha pwani kilicholipokea neno hilo kutoka kwa Waarabu, ni mtumishi wa farasi. Sayyida Salme binti Said, aliyelelewa katika jumba la Mtoni huko Unguja na aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza namna watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda farasi tangu utotoni. Farasi wale walikuwa na mwenyewe, ambaye ni Sultani, na walikuwa na wapandaji, ambao ni wanawe. Lakini zizi la namna ile haliendi kwa mwenyewe na mpandaji peke yao, bali kwa yule mtu wa tatu, ambaye humlisha mnyama kabla hajala yeye, humfuta jasho arudipo, huinua ukwato mmoja baada ya mwingine na kuchokoa kijiwe kilichokwama, na hupitisha kiganja chake mahali palipokaa tandiko ili akipapase kidonda kikiwa bado kichanga. Hakuna aliyepata kuuliza kijiwe cha ukwatoni kitatolewa na nani, kwa kuwa jina la mwenye kazi hiyo lilijulikana hata kabla farasi hajanunuliwa.

Kwetu Kisangani farasi hakupata makao, wala asingeishi lau angeletwa, kwa maana misitu hii ina mbung'o, na mbung'o hubeba vijidudu vya nagana ambavyo humkondesha farasi, humvimbisha miguu na tumbo, na humwua upesi kuliko wanyama wengi wa kufugwa. Hata nje ya misitu safari za farasi hazikuwa na bahati: Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, farasi wake wawili walikufa kabla hajafika mbali na pwani. Wabelgiji nao, walipoona ya kuwa mnyama wa kazi ni shida, walijaribu hata tembo, wakawafuga na kuwafundisha huko Api, na baadaye Gangala-na-Bodio, katika nchi ya Uele. Ndiyo sababu wazee wetu walipokea chombo cha chuma kwa furaha kubwa namna ile, kwani kilikuwa ni kipando cha kwanza ambacho mbung'o hakiwezi.

Kipando hicho kilikuwa baiskeli. Katika miaka ya vita, mafuta yalipoadimika na magari yakalala, mji huu uliishi juu ya toleka, yaani baiskeli za kubebea abiria, ambazo jina lake ni neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Watoleka wengi niliowajua mimi walikuwa ndio wenye baiskeli zao, au walizipanda kwa niaba ya ndugu wa nyumba moja, na ungewaona alfajiri, kabla soko halijachangamka, wameipindua baiskeli miguu juu, wanauzungusha gurudumu kwa kidole na kulisikiliza, wanakaza spoku, wanapaka mnyororo mafuta, na wanashona upya kile kiti cha sponji cha nyuma ili abiria asiumie. Mtu yule alikuwa mwenyewe, mpandaji na saisi kwa pamoja. Nimeziona baiskeli za namna hiyo zilizodumu miaka mingi mno katika tope hili, na siamini kwamba siri yake ilikuwa katika chuma.

Kisha zikaja pikipiki, na pamoja nazo yakaja maagano ya versema. Mwenye mtaji, aghalabu mwalimu, askari, mfanyabiashara au mjane aliyelipwa haki za marehemu, hununua pikipiki. Kijana asiye na mtaji huiendesha. Jioni kijana hutoa kiasi walichoafikiana, kinachozidi ni chake, na Jumapili, kwa desturi, huwa ni siku yake mwenyewe. Maagano haya yamelisha aila nyingi na yamewaondoa vijana wengi katika ukosefu wa kazi, nami siyalaumu. Ninalolilaumu ni kwamba yametaja fedha tu. Mwenye pikipiki huiona saa moja ya usiku, taa zikiwa zimewaka au umeme umekatika, akahesabu noti na kuingia ndani. Mwendeshaji naye ana saa zake kumi na mbili, na kila saa anayokaa kwa fundi ni saa inayotoka katika chakula cha wanawe, kwa sababu ijara ya mwenye chombo haipungui hata kama chombo kimelazwa. Mpangie mtu yeyote mambo kwa namna hiyo, hata awe mtakatifu, na hatabadilisha oili mpaka injini ipige kelele.

Yuko atakayeniambia kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba, na kwamba kinachoharibu vyombo vyetu ni umaskini. Nimeufikiri msemo huo kwa muda mrefu na sioni kwamba ni kweli. Lita moja ya oili huuzwa kwa bei isiyofika ijara ya siku mbili. Pistoni, silinda na mkono wa fundi vikijumlishwa hufika ijara ya mwezi mzima na zaidi, mbali na siku ambazo pikipiki hulala. Maskini hana uwezo wa kuacha kubadilisha oili. Mwenye fedha nyingi ndiye awezaye kufanya uzembe huo, kwa kuwa yeye atanunua nyingine.

Na kwa kuwa nimekwisha kulipia elimu hii, afadhali niigawe. Pikipiki ifanyayo kazi ya uchukuzi mchana kutwa katika joto na vumbi la Kisangani haiwezi kufuata hesabu ya mtu aendeshaye kwenda kanisani na kurudi. Hiyo yataka oili mpya kila baada ya wiki mbili, na kimo chake kitazamwe kila Jumatatu asubuhi injini ikiwa imepoa na chombo kimesimama wima, maana ukipima kikiwa kimeegemea mguu wake wa pembeni utadanganyika. Mnyororo usikazwe kama waya wa gitaa. Ubonyeze katikati ya upande wa chini, ukipanda na kushuka kiasi cha vidole viwili ndio kadiri yake, nao upakwe mafuta baada ya kila mvua, kwani maji ya matope huupaka mchanga, na mchanga husaga meno ya gia hadi yakachongoka. Chujio la hewa, lile sponji lililofichwa chini ya kiti ambalo waendeshaji wengi hawajapata kuliona, lioshwe kwa sabuni, likauke kabisa kivulini, litiwe oili kidogo, lirudishwe. Watu huling'oa na kulitupa wakidhani pikipiki itapata pumzi, kumbe wamefungua mlango wa vumbi moja kwa moja hadi kwenye silinda.

Ama petroli tununuayo kwa hawa wauzaji wa kando ya njia ambao mji mzima huwaita kadhafi, sisemi tuwakimbie, maana bila wao tungetembea kwa miguu. Nasema tuitazame kabla haijaingia tangini. Mwombe muuzaji aimimine katika chupa angavu na uiache itulie kwa muda wa kusalimiana. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yakiwamo utayaona yamekaa chini yakifanya mstari. Kisha dondosha tone moja juu ya karatasi: petroli safi huruka na kuiacha karatasi ilivyokuwa, lakini iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mnato lisiloondoka upesi. Muuzaji mwema hatakasirika kwa jambo hilo, na yule atakayekasirika amekwisha kukujibu.

Kuhusu magari sina mengi, kwa sababu ni wachache miongoni mwetu walio nayo. Mwenye kununua gari lililotumika, hasa haya yaliyofika kwa njia ya Bunia au Butembo, na alinganishe namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma na ile ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu, yeye mwenyewe, wala asitume mtu. Na endapo usukani uko kulia, ajue ya kwamba katika nchi iendeshayo upande wa kulia kama yetu dereva wake atakuwa anakaa upande wa mtaro, haoni mbele ya lori analotaka kulipita, kwa hiyo asilipite bila ya kuwa na mtu mwenye akili katika kiti cha pili. Rejeta lililochemka lisifunguliwe mpaka liweze kushikwa kwa mkono mtupu. Nimemwona mtu aliyefungua kwa haraka, na uso wake haujarudi kama ulivyokuwa.

Narudi kwenye maagano, maana humo ndimo jambo lenyewe lilimo, na katika jimbo letu hili la Tshopo tumepata kuona maagano yenye upungufu yakigharimu zaidi ya pistoni. Mwezi wa Februari mwaka 1887, mjini Unguja, Stanley alipatana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip na ambaye mwaka huo huo aliwekwa kuwa wali wa Stanley Falls, yaani mahali hapa hapa tulipo, kwamba ampatie wapagazi 600 wa kuchukua mizigo ya safari ya kwenda kumwokoa gavana Emin Pasha, na kwamba baruti ya watu hao itoke kwa Stanley. Stanley akaondoka Yambuya, juu ya mto Aruwimi, mwezi wa Juni, akawaacha nyuma watu wake na mizigo wakingoja. Wapagazi hawakuja. Kila upande ukasema mwenzake ndiye aliyevunja mapatano. Na walipofika baada ya mwaka mzima, tena pungufu ya idadi, walikataa mizigo ya ratili 60 hadi ikapunguzwa kuwa ratili 40, kwa sababu hakuna aliyelisimamia vyema suala la uzito tangu mwanzo. Kambi ya Yambuya ikageuka makaburi ya watu waliokufa kwa njaa na maradhi, wengi wao Waswahili wa Unguja. Meja Barttelot, mkuu wa kambi, akauawa kwa risasi Julai 1888. Na Stanley akamaliza kwa kufungua mashitaka Unguja. Sitaki kuwatetea watu hawa wawili, kwani biashara ya mmoja ilikuwa pembe na watumwa, na mwingine alipasua njia kwa bunduki. Nataka tu msomaji aone kwamba walikuwa na mkataba, wenye sahihi na mashahidi, na bado waliangamiza watu kwa swali dogo la nani alete kitu gani, lini, na chenye uzito gani.

Nyumba zetu zinakufa kwa maradhi yale yale. Mwenye nyumba wa Kabondo au Tshopo hupokea garanti na kodi, mpangaji hupokea ufunguo, na bati lililotoboka hubaki halina mtu. Mpangaji hasemi, akichelea kupandishiwa kodi. Mwenye nyumba haji, akichelea kuombwa. Na mvua ya mji huu, ambayo yakaribia milimita 1,800 kwa mwaka, haimsubiri yeyote kati yao. Tundu la msumari lililopoteza mpira wake hupitisha tone, tone huozesha upau, upau hulegeza bati, na siku ya dhoruba bati huruka likaangukia nyumba ya jirani. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji imeweka mpaka, kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Lakini sheria haiwezi kupanda juu ya paa. Mimi nawashauri wote wawili wafanye jambo moja siku ya kukabidhiana ufunguo: waizunguke nyumba pamoja, waandike katika karatasi moja hali ya kila mlango, kila dirisha, kila bati, soketi na bomba, kisha waandike nani atatengeneza kipi, na kwa fedha ipi, kama ni ya kodi ikatwe au ni ya mfukoni. Karatasi hiyo iwe na nakala mbili.

Kisha nyumba isikilizwe mvua inaponyesha, si baada yake. Toka na mwavuli, zunguka, tazama maji yanaangukia wapi: yakiangukia chini ya ukuta na kurukia matofali mabichi, basi ukuta huo unakatwa kutoka chini polepole, na mfereji wa mabati au hata mtaro uliojazwa kokoto utauokoa kwa gharama ndogo. Njia ya mchwa, ule utepe mwembamba wa udongo unaopanda ukutani, ikwanguliwe siku ionekanapo, na anayejenga leo, katika jimbo lenye miti kama letu, hana udhuru wa kuweka fremu za mti laini ilhali mvule, ambao mchwa huuogopa, wapasuliwa katika viwanda vya mbao vya mji huu huu.

Ipo na karatasi ya ardhi, ambayo ni nyumba chini ya nyumba. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ya nchi hii ni mali ya Dola, na kinachomilikiwa na mtu ni haki ya kuitumia, haki ambayo haithibitiki kisheria ila kwa hati ya usajili. Barua ya chifu wa mtaa, risiti ya muuzaji, fishi yenye mihuri mitatu, zote hizo ni ngazi za kufikia hati, wala si hati. Yafaa pia kujua ya kwamba hati hiyo ikishatimiza miaka miwili haipingiki tena, na kwamba jambo hili hukata pande mbili: humlinda aliyesajili, na humnyamazisha yule ambaye, kwa kuamini neno la ndugu, aliacha kiwanja cha marehemu baba yake kisajiliwe kwa jina la mwingine huku akisema atashughulikia baada ya arobaini. Wajane nao wasikubali kutolewa nje siku ya kuanua matanga, kwa maana sheria ya familia ya mwaka 1987 imempa mwenzi aliyebaki haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na kutumia vyombo vilivyomo. Watoto ndio warithi wa kwanza, lakini hata wao hawawezi kumfungia mama mlango. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mji huu tumeona ikipotea hata pamoja na habari, ikatangazwa, ikajulikana dunia nzima, na bado isithibitike.

Nazungumzia vita vya siku sita, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka 2000, vya majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yaliyopigana juu ya vichwa vyetu. Nyumba zilibomolewa kwa maelfu ya makombora, na wenye kuzijenga walizikwa katika viwanja vyao. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliihukumu Uganda kulipa dola milioni 325 kwa maovu yake yote katika nchi yetu: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 60 kwa ajili ya rasilimali, na kwa ajili ya mali zilizoharibiwa, milioni 40. Majaji walieleza kwamba ushahidi walioletewa juu ya mali ulikuwa mchache. Nilipolisoma neno hilo niliweka gazeti chini. Mali ilikuwapo, sisi tuliiona, tuliishi ndani yake. Lakini picha, hati, risiti ya mabati, mkataba wa fundi, vilikuwa ndani ya nyumba zile zile zilizoungua, katika kasha moja chini ya kitanda kimoja. Leo upo mfuko uliowekewa makao hapa Kisangani kwa ajili ya kugawa fidia hiyo, na wazee huenda na kurudi wakiwa na shahidi mmoja tu, ambaye ni kumbukumbu zao. Kwa hiyo, ewe msomaji, nakala ya hati yako isilale nyumba moja na hati yenyewe. Mpe dada yako aliye Lubunga ng'ambo ya mto, mpe padri, mpe imamu, ipige picha kwa simu na umtumie mwanao aliye mbali.

Sikosi mfano mwema wa kutoa, na hauko mbali na soko. Ukishuka kwa Wagenia, wavuvi wa penye maporomoko, utaziona zile nguzo za miti zilizosimamishwa katika matundu ya mwamba, zimefungamanishwa kwa mitambaa ya porini, na kutoka kwazo yananing'inia madema makubwa yatazamayo mkondo. Mto Kongo hupiga nguzo hizo usiku na mchana, na mtambaa ni kitu kiozacho. Walakini kazi ile imedumu, imeonwa na Stanley aliyepiga kambi hapa, imeonwa na babu zetu, nasi tunaiona, kwa sababu haki ya mahali pa kutegea hurithiwa katika ukoo, na arithiye mahali hurithi pia wajibu wa kwenda kukata mitambaa mipya. Nilisimama siku moja nikimtazama mzee mmoja akipapasa fundo, fundo baada ya fundo, akiwa na maji hadi mapajani, wala hakuwa amekuja kuvua. Alikuja kupapasa mafundo. Huyo ndiye saisi.

Pikipiki yangu ya pili niliinunua baada ya ile ya kwanza kuuzwa kwa bei ya vyuma. Kabla kijana mwingine hajaipanda, tuliketi barazani kwangu, tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo sote wawili tunagombana nayo na kupatana nayo. Tumekubaliana kwamba oili ni juu yangu na kuimwaga ni juu yake, kila Jumatatu ya kwanza na ya tatu ya mwezi, na kwamba asubuhi hiyo ya fundi ijara hupungua kwa nusu ili asipate hasara kwa kufanya jambo jema. Mnyororo, breki na chujio ni juu yake. Tairi na betri ni juu yangu. Kila jioni noti moja hutoka katika ijara, ikaingia katika kopo lenye tundu, ambalo ufunguo wake uko kwa mama watoto wangu. Na kila kitu kinachofungwa au kufunguliwa huandikwa katika daftari la shule lenye jalada la buluu, tarehe, bei na jina la fundi. Majirani walidhani ninamwonea kijana wa watu. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha Jumatatu mbili nilizosahau.

Wenye pikipiki wa Mangobo, wa Makiso, wa Lubunga na kwingineko, nawaomba kabla ya Jumatatu ijayo muwakalishe waendeshaji wenu, muwape maji ya kunywa, mwandike ukurasa huo. Yangu imeingia mwaka wa 4, na injini yake haijafunguliwa.